Uzi: Kabla hatujampa mtu uongozi, tujue nafsi yake inatafuta nini

Mleta uzi (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Naomba mwenye nafasi ausome wote ndipo achangie.

Nipo kwenye sekta ya afya na nimefanya kazi chini ya wafawidhi wa kila aina. Mtaani nimo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Huko kote naona tunachagua viongozi kwa namna ile ile: tunaangalia elimu, tunaangalia uzoefu, halafu tunamalizia na nani anaongea vizuri mbele ya watu. Hakuna anayeuliza huyu mtu nafsi yake inahitaji kupata nini ili itulie. Mimi naamini hapo ndipo kikundi kinaposimama au kuvunjika.

Aliyelifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi ni mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuwauliza watu wanapenda nini, maana mtu akiulizwa hivyo atajibu linalopendeza masikioni. Alikuwa anampa mtu picha isiyojieleza sana, kwa mfano mtu amekaa kwenye meza ya kazi, pembeni kuna picha ya familia, kisha anamwambia aandike hadithi ya kinachoendelea pale. Mmoja ataandika kwamba yule mtu anahangaika na ramani ya daraja na anataka liwe bora kuliko yote aliyowahi kuchora. Mwingine ataandika kwamba amewakumbuka wanawe, anajuta kuondoka nyumbani bila kuwaaga. Wa tatu ataandika kwamba kesho kuna kikao na huyu anatafuta maneno ya kuwageuza wakubwa wakubaliane naye. Picha ni moja, lakini kila mmoja amemwaga yaliyojaa moyoni mwake.

Kutokana na hadithi hizo akatenga haja tatu: haja ya kufanikisha jambo, haja ya kupendwa na kukubalika, na haja ya kuwa na nguvu, yaani kugusa na kugeuza mambo ya watu wengine. Sote tunazo zote tatu. Tunatofautiana katika ile inayoshika usukani.

Mwaka 1976 McClelland na mwenzake David Burnham walichapisha matokeo kuhusu mameneja wa makampuni makubwa ya Marekani. Kilichonivutia ni kipimo chao: waliangalia hali ya watu walio chini ya meneja. Je, wanajiona wana wajibu? Wanajua nani anafanya nini? Wanaona fahari kuwa timu moja? Wengi wangetegemea meneja mwenye kiu ya mafanikio ndiye awe bora, au yule mwema anayependwa na wote. Haikuwa hivyo. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao haja yao ya nguvu ilizidi haja yao ya kupendwa, na wakati huo huo walikuwa na breki za ndani.

Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni watu walio chini ya yule meneja aliyetaka kupendwa. Sababu yake mtu yeyote aliyewahi kupangiwa zamu ataielewa mara moja. Mfawidhi ametoa ratiba ya mwezi. Anakuja wa kwanza ana shida ya nyumbani, anabadilishiwa. Anakuja wa pili, naye anabadilishiwa. Kila ruhusa ukiitazama peke yake ni ya huruma kabisa. Lakini wale wasiokwenda kulia shida ofisini ndio wanaobebeshwa zamu za usiku za wenzao, na baada ya muda wanagundua kwamba utaratibu haupo, kilichopo ni kujua kumkuta bosi saa ngapi akiwa na moyo mwepesi. Mtu aliyetaka kupendwa na kila mmoja anaishia na kituo kizima kinachonung'unika. Nimeliona hili kwa macho yangu, na lililoniuma ni kwamba mfawidhi mwenyewe alikuwa mtu mzuri sana.

Sasa kwenye nguvu lazima tutulie, maana neno hilo kwetu lina makovu. Watafiti wale walitenganisha aina mbili. Kuna anayetaka nguvu ili yeye aonekane, na kuna anayetaka nguvu ili taasisi isimame. Na wa kwanza hakuwa wa hovyo kwa kila kipimo. Watu wake walichangamka na waliona fahari, ila utii wao ulikuwa kwake binafsi. Siku akihamishwa, kila kitu kinaparaganyika, kwa sababu alichokuwa amekijenga ni wafuasi tu. Wa pili alijenga mahali ambapo mwingine anaweza kuja kukalia kiti na kazi ikaendelea.

Mwaka 1982 McClelland na Richard Boyatzis walichapisha ufuatiliaji wa mameneja 237 wa kampuni ya simu ya AT&T, waliopimwa walipoajiriwa kati ya 1956 na 1960. Baada ya miaka 16, waliokuwa na mchanganyiko ule (nguvu juu, kupendwa chini, kujizuia kupo) ndio waliokuwa wamepanda zaidi, kwa upande wa kazi zisizo za kiufundi. Haja ya kufanikisha ilisaidia zaidi kwenye ngazi za chini, pale ambapo mtu bado anapimwa kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Nikitazama kwetu, namfikiria Mwalimu Nyerere. Simpimi, kwa sababu siwezi. Natazama matendo tu. Uhuru tumepata Desemba 9, 1961. Januari 1962, wiki chache baadaye, anajiuzulu uwaziri mkuu, anamwachia Rashidi Kawawa serikali, yeye anazunguka nchi kuijenga TANU. Mtu ambaye nguvu kwake ni pambo la nafsi haachi kiti ambacho hata hakijapata joto. Akarudi Desemba mwaka huo huo kama Rais wa Jamhuri. Kisha Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, akawafukuza takriban 400. Kiongozi anayetafuta kupendwa asingethubutu, kwa sababu wale ndio waliokuwa wasomi wa nchi changa. Lakini hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukali wake ulimgusa na yeye. Hizo ndizo breki ninazozisemea.

Na Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwatesa yeye. Alibeba kwa sababu ofisi ilikuwa yake.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa waliowahi kuongoza watu.

---

Mchangiaji wa 2 (Iringa)

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Umegusia haja ya kufanikisha halafu ukapita haraka, na mimi naona shuleni ndiyo inayotuumiza kuliko zote.

Mwalimu anafundisha hesabu vizuri, wanafunzi wake wanafaulu, basi anapewa ukuu wa shule kama zawadi. Sasa kinachomridhisha yeye ni kazi safi aliyoifanya mwenyewe. Hawezi kukuachia ratiba ya mitihani uitengeneze, ataichukua airekebishe usiku. Hawezi kukuachia kikao cha wazazi. Maabara ikikosa kemikali anaenda mjini mwenyewe kununua. Anachoka, anakonda, na ndani ya mwaka walimu wengine wamejifunza kukaa tu kusubiri, kwa sababu chochote watakachofanya kitarudiwa. Kisha yeye anasema walimu hawa ni wavivu. Walikuwa siyo wavivu kabla hajaja.

Siyo mtu mbaya hata kidogo. Amewekwa mahali ambapo kile anachokipenda hakipo tena.

---

Mleta uzi

Mwalimu, umenena vizuri kuliko nilivyoandika mimi. David Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa McClelland, alichambua hotuba za kuapishwa za marais wa Marekani akitafuta haja hizo hizo tatu ndani ya maneno yao. Aliona marais wenye haja kubwa ya kufanikisha, akiwemo Jimmy Carter, waliingia Ikulu na mipango mizuri wakaishia kukwama, kwa sababu siasa ni kazi ya kupitia kwa watu wengine: Bunge, magavana, watumishi usiowachagua wewe. Mwenye kiu ya kufanikisha anateseka akiona kazi inaharibiwa na mikono isiyo yake. Mwenye haja ya nguvu anaufurahia mchakato wenyewe wa kubembeleza, kubishana na kupatana.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti kwenye upangaji wa wakuu wa shule, mwalimu bora wa hesabu ningemwacha darasani na kumpandisha cheo na mshahara akiwa huko huko darasani.

---

Mchangiaji wa 3 (Dar es Salaam)

Kwa heshima zote mleta uzi, umemchagulia Mwalimu matukio yanayompamba. Mbona hukutaja vijiji? Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima kufikia mwisho wa 1976. Watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa sehemu nyingine, mashamba na migomba ikaachwa. Babu yangu alihamishwa. Hizo breki zilikuwa wapi? Mtu anaweza asiwe na tamaa hata ya senti moja na bado akaumiza watu, kwa sababu ana uhakika kupita kiasi kwamba yeye ndiye anayejua kilicho chema kwao.

---

Mleta uzi

Hoja yako ni nzito na inaongeza kitu ambacho nadharia ya haja tatu haikitoi waziwazi. Nguvu kwa ajili ya taasisi inaweza kugeuka kuwa nguvu juu ya watu, pale kiongozi anapoamini kwamba taasisi ni yeye anavyoiona. Kujizuia kwa tamaa ni jambo moja, kujizuia kwa uhakika wako mwenyewe ni jambo jingine, na hili la pili ni gumu zaidi kwa mtu mwadilifu. Fisadi anajua anaiba. Mwadilifu akikuumiza anaamini anakusaidia.

Tuangalie pia kilichoondolewa kipindi kile. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, vyama vya ushirika vikavunjwa 1976. Hivyo ndivyo vyombo ambavyo vingeweza kumwambia Mwalimu kwamba huku chini mambo yanaharibika. Baadaye yeye mwenyewe alisema wazi kwamba hayo mawili asingeyafanya kama angeanza upya. Kwa hiyo breki za ndani peke yake hazitoshi, lazima na za nje ziwepo. Pole kwa yaliyompata babu yako.

---

Mchangiaji wa 4 (Arusha)

Nimesoma uzi wote na sikubaliani na jambo la msingi. Mmeweka haja za ndani mbele mmesahau hulka, yaani tabia ya kudumu ya mtu. Hulka zimepimwa kwa watu wengi zaidi kuliko zile hadithi za picha, ambazo mtu akiandika leo na akiandika mwezi ujao matokeo yanaweza kutofautiana.

Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti za hulka na uongozi, sampuli 73. Walitumia hulka tano zinazojulikana: uchangamfu, umakini katika kazi, uwazi kwa mawazo mapya, kuyumba kihisia, na upole. Uchangamfu uliongoza, uhusiano wake na uongozi ukiwa 0.31 (0 maana yake hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili, na hasi ni kwamba kimoja kikipanda kingine kinashuka). Umakini 0.28, uwazi 0.24, kuyumba kihisia hasi 0.24. Upole ulikuwa wa mwisho, 0.08.

Lakini ukiingia ndani zaidi unakuta jambo ambalo linapingana na uzi wako. Walitenganisha kuibuka kuwa kiongozi na kufanya kazi vizuri ukishakuwa kiongozi. Upole haumsaidii mtu kuchaguliwa, hapo ni 0.05 tu. Kwenye kuongoza vizuri unapanda hadi 0.21. Sasa wewe unatuambia mtu anayejali kupendwa ni hatari, na takwimu zinasema mpole akipewa nafasi anaongoza vizuri. Tufuate lipi?

---

Mleta uzi

Nimefurahi sana kwa mchango huu. Upole na haja ya kupendwa ni vitu viwili. Mpole anakusikiliza bila kukukatiza, hakudhalilishi mbele za watu, akikuambia hapana anakuambia kwa heshima. Lakini anaweza kusema hapana na akalala usingizi. Mwenye haja ya kupendwa huenda hata si mpole. Nimeona wakali wa kutisha ambao ukiwanunia siku mbili wanakuja kukubembeleza na kukupa usichostahili. Hulka inatuambia mtu anafanyaje mambo. Haja inatuambia anayafanya ili apate nini. Kwa hiyo nakubali: mpe mpole uongozi, ila hakikisha anaweza kustahimili kuchukiwa kwa mwezi mmoja.

Na tazama uchangamfu kwenye takwimu hizo hizo ulizoleta. Kwenye kuibuka ni 0.33, kwenye kufanya vizuri unashuka hadi 0.24. Umakini unashuka zaidi, kutoka 0.33 hadi 0.16. Tofauti hizo hazikanushi kwamba vinasaidia, lakini zinaonyesha macho ya wapiga kura yanavutwa na nini.

Kuhusu udhaifu wa kipimo cha hadithi uko sahihi, wanasaikolojia wamelumbana juu yake kwa miongo mingi.

---

Mchangiaji wa 5 (Nyeri, Kenya)

Hamjambo ndugu zangu. Nawasoma kutoka huku jirani. Kuhusu kustahimili kuchukiwa, nani ametupa mfano mkubwa kuliko Profesa Wangari Maathai?

Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park pale Nairobi. Mama huyu akaanza kuandika barua, kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili wa ng'ambo. Wabunge walimkejeli Bungeni, talaka yake ikatajwa kama aibu, na Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ikafukuzwa kutoka ofisi za serikali ilizokuwa ikitumia. Mtu mwenye haja ya kukubalika angeomba msamaha wiki ya kwanza. Jumba halikujengwa. Bustani iko hadi leo, na sisi tunapumzika pale.

Lakini jambo ambalo watu hawalisemi sana ni namna alivyowaongoza akina mama wa mashinani tangu alipoanzisha ile kazi mwaka wa 1977. Wataalamu wa misitu waliona kwamba akina mama wasiosoma hawawezi kuotesha miche. Yeye akawaambia watumie akili yao ya ukulima, mbegu wanazijua. Walitumia vyungu vilivyovunjika, walitumia chochote kilichokuwepo. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kukua. Akawaita wataalamu wa misitu wasio na diploma. Alikuwa na nguvu, lakini nguvu yake iliwafanya wale wengine wajione wanaweza.

---

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu wa Nyeri. Umetupeleka upande wa wanaoongozwa, na nilikuwa natafuta njia ya kufika huko.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema kila binadamu ana haja tatu za msingi: kujiamulia, kujiona ana uwezo, na kuhusiana na wengine kwa kweli. Tazama Maathai aliwapa nini wale akina mama. Waliotesha kwa njia yao wenyewe. Malipo yalikuwa kwa mche ulio hai, kwa hiyo kila mmoja aliuona uwezo wake kwa macho. Na walifanya kwa vikundi, na watu wa kijiji chao. Zote tatu zimo.

Sasa rudi kwa yule mkuu wa shule wa Iringa. Haja yake ya kufanikisha inakula haja ya walimu ya kujiona wana uwezo. Yule mfawidhi wa zamu anajilisha upendo kwa kuwanyima wengine haki. Kiongozi wa kujikweza anakula haja ya watu ya kujiamulia. Haja za kiongozi na haja za watu wake zinakaa chumba kimoja, na mwenye cheo ndiye mwenye mlango.

---

Mchangiaji wa 6 (Mtwara)

Mimi ni mtu mkimya tangu utoto. Nimepewa usimamizi wa ghala la korosho la ushirika wetu na wazee wananiambia sitaweza kwa sababu sina sauti. Naomba ushauri, hizo takwimu za uchangamfu zimenivunja moyo kidogo.

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, usivunjike moyo. Takwimu zile ni wastani wa watu wengi, hazikusemi wewe.

Mwaka 2011 Adam Grant, Francesca Gino na David Hofmann walichapisha utafiti uliofanyika kwenye maduka ya piza huko Marekani. Pale wafanyakazi walipokuwa wa kusubiri kuambiwa, duka lenye meneja mchangamfu lilipata faida zaidi. Pale wafanyakazi walipokuwa watu wa kuleta mawazo na kurekebisha mambo wenyewe, ilikuwa kinyume: duka la meneja mkimya ndilo lililopata zaidi. Sababu waliyoiona ni kwamba mkimya anasikiliza wazo la mtu na kulitumia, wakati mchangamfu anaweza kuliona kama linamshindania jukwaa.

Kwa hiyo swali lako ni ghala lako lina watu gani. Kama wapimaji na makarani wako ni wazoefu wanaojua unyevu wa korosho kwa kuishika tu, ukimya wako ni mali. Waite, uliza, andika, halafu tekeleza waone wazo lao limefanyiwa kazi. Kama ni vijana wapya wasiojua pa kuanzia, hapo itabidi useme zaidi ya ulivyozoea, hasa asubuhi kabla kazi haijaanza. Sauti kubwa haihitajiki. Inahitajika sauti inayosema jambo lile lile leo na kesho, hasa kwenye mizani, kwa sababu kwenye mizani ndipo mkulima anapokupima wewe.

---

Mchangiaji wa 7 (Kigoma)

Nina shaka na jambo moja wakuu. Tafiti hizi karibu zote ni za makampuni ya Marekani, na wale wa AT&T wa miaka ya 1950 walikuwa wanaume watupu. Huku kwetu mwenyekiti asiyekwenda msibani, asiyejua jina la mama yako, watu hawamfuati hata awe na breki ngapi. Undugu ndio uongozi wenyewe. Ukimwambia kiongozi wa Kiafrika apunguze haja ya kupendwa, unamwambia awe mgeni kwenye kijiji chake.

---

Mchangiaji wa 8 (Tanga)

Namjibu ndugu wa Kigoma. Mimi ni mweka hazina wa VICOBA, wanachama karibu wote ni akina mama, tunajuana tangu utotoni. Undugu upo wa kutosha, na ndiyo maana sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mwenyekiti hana hata mmoja. Siku ya kikao sanduku linafunguliwa mbele ya wote, hisa zinahesabiwa mbele ya wote, mkopo unaombwa mbele ya wote.

Utaratibu huu hatukuuweka kwa sababu tunadhani mwenyekiti ni mwizi. Unamsaidia na yeye. Shemeji yake akija usiku kuomba pesa, mwenyekiti anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba funguo hana. Hapotezi undugu na hapotezi pesa ya kikundi. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kikundi kingine ambacho daftari na pesa vilikaa kwa mtu mmoja, mama mwema kabisa anayependwa na mtaa mzima. Alishindwa kukataa watu. Kikundi kilipofika kugawana, pesa hazikutosha, na hakuwa amekula hata shilingi. Zote alikuwa amekopesha kwa huruma.

---

Mleta uzi

Dada wa Tanga, umejibu kwa ufasaha na sina la kuongeza kwenye kufuli.

Kwa ndugu wa Kigoma: shaka yako kuhusu sampuli ni ya haki, na mimi nisingechukua namba za AT&T nikazipachika kwenye serikali ya kijiji. Lakini kwenda msibani ni wajibu wa kila mtu, awe na cheo au asiwe nacho. Tatizo linaanza pale kiongozi anapokwenda msibani na kurudi na ahadi ya kumwajiri mtoto wa marehemu kwenye nafasi ambayo wengine wameiombea kwa barua. Wazee wetu waliokuwa wakisuluhisha kesi za mashamba walikuwa ndugu wa pande zote mbili na bado walimwambia mmoja wao umekosa. Kwa hiyo undugu tunaujua, na uamuzi usiofuata undugu tunaujua pia.

---

Mchangiaji wa 4 (Arusha)

Swali langu la mwisho. Haja hizi mtu anazaliwa nazo au zinafundishika? Na kama sisi wanachama hatuna vipimo vya Harvard, tutazijuaje siku ya uchaguzi?

---

Mleta uzi

La kwanza: McClelland aliamini zinafundishika kwa kiasi. Miaka ya 1960 yeye na Winter waliendesha mafunzo kwa wafanyabiashara wadogo wa mji wa Kakinada, India, wakiwafundisha kufikiri kama mtu mwenye haja kubwa ya kufanikisha. Baadaye waliopitia mafunzo walionekana kuanzisha na kupanua biashara zaidi ya wenzao wasiopitia. Lakini hiyo ilikuwa haja ya kufanikisha. Mtu mzima ambaye amezoea kula sifa sijaona akigeuzwa na semina.

La pili: msimuulize mgombea atafanya nini, atawapa ahadi. Muulizeni aliyokwisha kufanya. Sisi kwenye kikundi chetu tumeanza kuuliza maswali machache kabla ya kura. Tunamwomba atueleze uamuzi aliowahi kutoa uliomuudhi rafiki yake, na ulikuwaje uhusiano wao baadaye. Anayetafuta kupendwa hapo hukosa mfano kabisa, au atauleta na kumalizia na namna alivyoubatilisha. Tunamuuliza nani alishika kazi yake ya zamani alipoondoka, na anaendeleaje. Mwenye kujenga taasisi atamtaja huyo mtu kwa jina na kusimulia alivyomwandaa. Mwenye kujijenga mwenyewe atasimulia jinsi mambo yalivyoharibika bila yeye, na atasimulia kwa raha. Kwa yule wa kufanikisha, tunauliza kazi gani aliwahi kumwachia mtu mwingine ikafanyika tofauti na alivyotaka yeye, na alifanya nini.

Tunasikiliza kwa makini anavyotumia "mimi" na "sisi" anaposimulia mafanikio, halafu anavyotumia maneno hayo hayo anaposimulia jambo lililoharibika. Na kabla ya siku ya kura tunamtuma mjumbe mmoja akaongee na watu waliowahi kufanya kazi chini yake, hasa wale wa chini kabisa: mlinzi, mhudumu, karani. Uchaguzi wetu ni mwezi ujao na majina matatu tayari yako mezani. Maswali tumeyaandika kwenye karatasi moja, kila mgombea ataulizwa yale yale kwa mpangilio ule ule. Anayehitaji nakala kwa ajili ya kikundi chake aniandikie faragha, nitamtumia.